Mama Alichelewa Kufika Kituoni

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha kamati ya zahanati. Tuliitwa saa nane, kikaanza saa tisa na nusu, maana Bwana Shirikishi alikuwa njiani. Yeye siku zote yuko njiani. Kazi yake ni afisa wa afya ya jamii kutoka wilayani. Jina hilo tumempa sisi, kwa sababu sentensi haimtoki bila neno hilo. Mpango shirikishi. Bajeti shirikishi. Leo aliomba maji ya kunywa na mwenyekiti akaninong'oneza: shirikishi hayo, au ya kawaida?

Nikacheka. Kicheko kikaishia hapo.

Habari yenyewe: semina mjini, siku mbili, Jumanne na Jumatano ya wiki ijayo. Ushirikishwaji wa jamii katika huduma za afya ya msingi. Wanatakiwa wajumbe watatu wa kamati, pamoja na Sista na msaidizi wake. Wote wawili! Nikanyanyua mkono. Nikauliza: zahanati anabaki nayo nani?

Akasema swali zuri sana. Akaliandika kwenye daftari lake. Akaendelea na mengine.

Sista akanibana mguu chini ya meza. Ndiye muuguzi wetu, mmoja tu, na yule msaidizi wake kazi yake ni kufagia na kuandika kadi. Baadaye nilimkuta akiosha trei, akaniambia ameshaandika barua tatu kuomba muuguzi wa pili. Ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu walijibu: atumie fomu mpya. Nikikataa kwenda, akasema, wataniandika mkaidi. Halafu hata hiyo fomu mpya sitapewa.

Miaka tisa niko kwenye kamati hii, katibu na mwakilishi wa jamii. Naacha cherehani yangu, napima watoto uzito, nazunguka majumbani kuwaambia wanawake wasizalie nyumbani. Miaka tisa, swali zuri sana.

Alhamisi, 6 Machi

Jioni nilivuka uani kwa mdogo wangu kumwona wifi. Miguu imemvimba kidogo, uso unang'aa. Miaka sita ya kungoja! Mdogo wangu siku hizi akirudi kutoka kwenye karakana yake ya useremala anaanza kuuliza mtoto kacheza mara ngapi, ndipo anasalimia watu. Mama anamsema: utadhani wewe ndiye wa kwanza duniani.

Kadi inasema mwisho wa mwezi. Wifi aliniuliza tena, kwa sauti ya chini ili mama asisikie: na kama nikizalia hapa hapa, kwa Bi Mikono?

Bi Mikono alitupokea mimi na mdogo wangu duniani, na nusu ya mtaa huu. Mwaka jana Bwana Shirikishi aliwakusanya wakunga wote, wakaweka dole gumba kwenye karatasi kwamba hawatazalisha tena. Wakapewa mwavuli na begi. Sasa wanaitwa washirika. Kazi yao kusindikiza mama mpaka zahanati, basi. Mimi ndiye niliyewasomea ile karatasi. Bi Mikono aliisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: na mtoto akitangulia kuja kabla hatujafika, nimwambie asubiri?

Watu walicheka. Na mimi nilicheka.

Basi nikamweleza wifi yote upya. Damu ikitoka nyingi, Bi Mikono hana dawa ya kuikata. Mtoto asipolia, zahanati kuna kifaa cha kumpulizia pumzi. Bi Mikono ana mdomo wake tu. Wifi akafikiri, akasema: haya wifi, nakuamini wewe. Wao siwajui, wewe nakujua.

Nimetoka pale kifua mbele.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeandika tangazo. Sista kasema mwandiko wangu ndio unaosomeka. «Zahanati imefungwa kwa siku mbili, Jumanne na Jumatano. Semina ya ushirikishwaji wa jamii. Wenye dharura waende hospitali ya mjini. Samahani kwa usumbufu.» Nikalibandika getini.

Nikamwuliza Sista kama tumwachie mtu funguo. Akasema amwachie nani? Mwaka juzi waliiba magodoro mawili na mizani, akaandika maelezo kurasa nne. Kweli. Ndipo tukachangishana mtaa mzima, tukamwita fundi wa vyuma atutengenezee mlango wa nondo. Kwa hiyo tumefunga. Funguo za geti ninazo mimi, za ndani anazo yeye.

Nimempitia wifi kumuaga. Akaniambia niletee chochote cha mjini. Nikasema nitakuletea elimu. Akacheka mpaka akashika tumbo.

Jumanne, 11 Machi

Nyumba ya wageni, mjini. Kitanda kinalia kila nikigeuka.

Ukumbi una feni tatu, inazunguka moja, nayo iko juu ya meza ya wakubwa. Tulijiandikisha, tukapewa begi, kalamu na fulana. Simu zikazimwa sauti zikawekwa kwenye kapu mlangoni ili tuwe na umakini.

Asubuhi nzima tumebandika karatasi za rangi ukutani. Za njano ni matatizo, za kijani ni suluhisho. Niliandika ya njano: muuguzi mmoja kwa watu elfu sita. Bwana Shirikishi akaisoma kwa sauti, akasema hili ni kubwa mno kwa ngazi yetu, hebu tafuta tatizo ambalo jamii yenyewe inaweza kulitatua. Akanirudishia karatasi. Mama mmoja wa kamati nyingine akaandika: wananchi hawanawi mikono. Akapigiwa makofi!

Mchana akachora ngazi yenye vidato sita. Kidato cha kwanza, jamii inaambiwa. Cha pili, jamii inaulizwa. Hivyo hivyo mpaka cha sita, jamii inaamua. Kila kamati ijiweke inapostahili. Sisi watatu tukashauriana, tukajiweka cha pili. Na hapo tulijipendelea. Akaja taratibu, akabandua karatasi yetu, akaipandisha mpaka cha tano. Akasema kwa upole kama anavyoongea na mgonjwa: kwenye ripoti ya mwaka jana mlikuwa wa tano. Hamwezi kushuka.

Sista kasinzia kwenye kiti, mdomo wazi. Nimemwacha. Huko kwetu huwa hapati hata nafasi ya kusinzia.

Jumatano, 12 Machi

Simu kumi na moja. Zote za mdogo wangu.

Mtoto hayupo. Wifi yuko hai.

Siwezi.

Alhamisi, 13 Machi

Tumemzika. Wa kike.

Mama alinipa kitambaa cheupe nikate — mimi si ndiye fundi? Mita moja haikufika. Nimeshakata sare za shule elfu, sijawahi kukata kipande kidogo hivi.

Mdogo wangu alikipokea kile kifurushi kutoka mikononi mwangu bila kunitazama.

Ijumaa, 14 Machi

Leo Bi Mikono amekuja mwenyewe. Hakukaa. Alisimama mlangoni akanisimulia, nami nayaandika kama alivyoyasema, nisije nikayapunguza baadaye ili nipate usingizi.

Uchungu ulimshika wifi alfajiri ya Jumatano. Mapema, wiki mbili na zaidi kabla ya tarehe ya kadi. Hakukurupuka, alifanya yote niliyomfundisha. Alikoga, akachukua kadi, akachukua kanga zilizofuliwa, akamtuma mumewe amwite Bi Mikono. Wakatoka nyumbani watatu, pole pole, wakisimama kila maumivu yakija. Saa tatu asubuhi walikuwa getini.

Kufuli. Na mwandiko wangu.

Mdogo wangu akanipigia. Akampigia Sista. Simu zilikuwa kapuni. Akamwacha mkewe kwenye benchi la nje ya geti, linalotazamana na dirisha la zahanati, akaenda kutafuta gari. La mwuza mchanga lilikuwa bovu, la mwenye duka lilikuwa safarini. Wenye pikipiki walimwona mama mwenye uchungu wakatikisa kichwa. Alizunguka zaidi ya saa nzima. Aliporudi alikuwa na nyundo ya kazini kwake. Kufuli la geti alilivunja kwa mapigo matatu. Akafika kwenye mlango wa nondo.

Ule mlango tuliouchangia. Haukuvunjika. Mlango mzuri!

Mtoto akatangulia miguu. Bi Mikono alifanya anachokijua, juu ya lile benchi, huku wanawake wameshika kanga kuzunguka. Saa tano akatoka. Hakulia. Bi Mikono alimpulizia kwa mdomo wake mpaka yeye mwenyewe akaona kizunguzungu.

Nikamwuliza — na sijui kwa nini nilimwuliza, labda nilitaka na mwingine awe na kosa — nikamwuliza kwa nini hakumrudisha nyumbani mapema akamzalishia kitandani.

Akaniangalia sana. Akasema: mwanangu, mliniambia kazi yangu ni kusindikiza. Nimemsindikiza mpaka getini.

Akaondoka zake.

Saa tano hiyo mimi nilikuwa nafanya nini? Nakumbuka vizuri. Tulikuwa kwenye igizo. Mimi niliigiza mwananchi aliyeshirikishwa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda kwa mdogo wangu mara ya nne. Jana na juzi alinipita uani kama nguzo. Leo nilimfuata karakana. Alikuwa anapiga randa mbao ambayo haikuhitaji randa tena, imekuwa nyembamba kama karatasi, bado anapiga.

Nikasema mdogo wangu. Akasema: usiniite.

Nikasema nilikuwa sijui uchungu utamshika mapema. Akasimamisha randa. Akasema dada, sisi tulikuwa tunaelekea kwa Bi Mikono. Wewe ndiye uliyetugeuza. Ukatugeuza, kisha ukafunga mlango, kisha ukaenda kufuata posho na fulana. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilitaka kumwambia posho yenyewe haijatoka. Mungu wangu! Hilo ndilo jibu lililonijia kichwani. Nashukuru nililimeza.

Mama kasema mpe muda. Lakini na mama naye siku hizi chai yangu anaiacha mezani badala ya kunipa mkononi.

Jumatano, 19 Machi

Bwana Shirikishi amekuja na gari la wilaya. Gari! Lile lile ambalo Jumatano iliyopita lilikuwa limeegeshwa nje ya ukumbi tangu asubuhi, dereva amelala ndani.

Akatoa pole. Akakaa kwenye kiti cha wateja, magoti yanagusa cherehani. Akatoa fomu. Kifo cha mtoto mchanga. Inataka sahihi tatu: muuguzi, afisa, mwakilishi wa jamii. Sista alikuwa ameshatia yake. Yeye naye ametia. Miaka tisa, leo ndio kwanza sahihi yangu inahitajika kwa jambo lenye uzito.

Kuna sehemu ya sababu iliyochangia. Visanduku vitatu. Mama alichelewa kuamua. Mama alichelewa kufika kituoni. Kituo kilichelewa kumhudumia. Tiki ilikuwa kwenye cha pili.

Nikasema: alifika saa tatu. Mtoto kazaliwa saa tano. Amechelewa wapi?

Akasema ninaelewa uchungu wako dada, lakini tuangalie kitaalamu. Kituo kilikuwa kimefungwa kwa utaratibu, na tangazo lilibandikwa kuelekeza watu hospitali ya mjini. Kweli au si kweli? Tangazo uliandika mwenyewe. Kwa hiyo siku ile kituo chake kilikuwa hospitali ya mjini. Mjini alifika saa ngapi?

Nikasema hakufika.

Akasema, basi. Akafungua viganja vyake kama mtu aliyemaliza kugawa karata.

Nilikaa nikimtazama. Mtu hajapandisha sauti, hajatukana, shati lake limenyooshwa vizuri. Nikamwambia fomu iache hapa niisome. Akasema nisichukue siku nyingi, kuna wageni wa mradi wanakuja mwisho wa mwezi na takwimu zinatakiwa zikae sawa. Akiwa mlangoni akageuka: kuhusu lile kufuli lililovunjwa, ni mali ya umma, lakini nitajitahidi lisifike mbali.

Atajitahidi!

Alhamisi, 20 Machi

Asubuhi, kabla sijafungua duka, Sista kagonga. Ana sare, ana koti, macho mekundu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nimefanya mazoezi wiki nzima.

Akasema: najua umeona sahihi yangu.

Nikasema nimeiona.

Akasema ukitia tiki kisanduku cha tatu, uchunguzi unafunguliwa. Watauliza nani alifunga. Mimi. Watauliza ruhusa ya kufunga iko wapi. Nikamwambia si mliitwa semina? Akasema tuliitwa kwa mdomo, kikaoni, na kwa simu. Hakuna karatasi hata moja. Nimeomba barua ya mwaliko tangu Ijumaa, wananiambia iko njiani.

Nikakumbuka: muhtasari wa tarehe tatu niliuandika mimi. Nikafungua faili. Swali langu limo, neno kwa neno: zahanati anabaki nayo nani. Jibu: «Mwezeshaji alilipokea swali.» Niliandika vile kwa adabu. Adabu yangu hiyo leo haimkamati mtu yeyote.

Sista akaketi juu ya marobota ya vitambaa, akalia bila sauti, kama watu waliozoea kulia karibu na wagonjwa. Akasema dada, tangu siku ile kila mama akishika tumbo naona lile benchi. Si kwamba nimetia sahihi kwa kuwa ni kweli. Nimetia kwa sababu nina wazazi wawili wanaonitegemea, na nikiondolewa hapa hawaleti mtu. Watafunga. Siyo siku mbili. Watafunga.

Nalo ni kweli. Ndilo linalonikera. Kila ninakogeuka ni kweli.

Nikisema ukweli namzika Sista. Nisiposema, namzika wifi akiwa hai. Na mwenye gari hayumo kwenye kisanduku chochote!

Nilimpa maji. Sikujua nimpe nini kingine.

Jumamosi, 22 Machi

Wifi kaniita. Yeye mwenyewe, kamtuma jirani. Nilivuka uani.

Amelala upande, amegeukia ukuta. Chumba kinanuka maziwa. Maziwa yamekuja, yanatoka yenyewe, Bi Mikono kamfunga kitambaa kifuani yakauke. Nilikaa chini, karibu na kitanda. Nikasema pole wifi. Akasema hilo neno nimelisikia sana, hebu tuliache kidogo.

Kisha akasema: nasikia kuna karatasi inasema nilichelewa.

Mtaa huu hauna siri. Nikasema ipo. Sijaitia sahihi.

Akageuka. Akasema: nilifika saa tatu, wifi. Unajua nimejuaje? Pale kwenye benchi ukikaa mwisho, unaona ndani kupitia dirisha. Ile saa ya ukutani nilikuwa naitazama. Ilikuwa inatembea. Kitanda nilikiona. Kabati la dawa nililiona. Kila kitu ulichoniambia kipo, nilikiona kipo. Nilikitazama saa mbili.

Nilimvutia shuka mabegani.

Akasema: mume wangu anataka mtu afungwe. Mama anataka Mungu awahukumu. Mimi sitaki hayo, hayamrudishi. Nataka kitu kimoja. Wasiandike kwamba nilichelewa. Miaka sita nimengoja, halafu niandikwe nilichelewa?

Nikamwambia kuhusu Sista. Yote. Nilidhani atakasirika. Akasema Sista alinishika mkono kila kliniki, anajua mpaka jina nililotaka kumpa. Sitaki afukuzwe. Lakini hilo lako wewe, wifi. Wewe ndiye mwakilishi. Mimi ni mama tu.

Aliniambia na jina. Sitaliandika hapa.

Jumatatu, 24 Machi

Nimempigia Bwana Shirikishi. Nimemwambia siwezi kutia sahihi kwenye kisanduku cha pili. Nikamwambia fomu iongezewe kisanduku cha nne: wafanyakazi waliitwa semina na wilaya, hawakuachiwa mbadala. Nitakitia tiki mara mbili.

Halafu akasema fomu hazibuniwi na jamii.

Kwa sauti ile ile ya upole akanieleza kwamba Alhamisi ataitisha mkutano wa hadhara pale zahanati, kurudisha imani ya wananchi. Na kwa kuwa nina huzuni ya kifamilia, ni vizuri jamii ipate nafasi ya kuchagua mwakilishi mwingine, atakayeweza kutia sahihi akiwa na utulivu. Nikauliza: na mimi? Akasema wewe bado katibu mpaka mwisho wa mkutano. Utaandika muhtasari.

Mwenyekiti nilipomfuata alikuwa anamwagilia mboga zake. Akasema wewe unafikiri mimi sijui? Lakini tukigombana nao, ule mlango wa chumba cha kujifungulia tuliouomba tutaupata lini? Nikamwambia mlango! Mwenyekiti, sisi na milango!

Hakunielewa. Au alinielewa. Aliendelea kumwagilia pale pale mpaka pakawa tope.

Jumatano, 26 Machi

Nimeshona sketi mbili, zote nimezikosea kiuno. Nimefumua.

Fomu iko chini ya cherehani. Sijaitia sahihi, sijaichana. Mama aliiona alipofagia. Akaniuliza inasemaje, nikamsomea. Akaegemea ufagio wake. Akasema: wewe ulipozaliwa ulikuja na kitovu shingoni, hukulia. Bi Mikono alikaa na wewe mpaka ukalia. Hakuna aliyeandika kitu.

Akafagia kidogo. Akasema: nenda kesho, mwanangu. Usiende kama katibu wao.

Chai kanipa mkononi.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika hapa hapa mkutanoni. Wanadhani naandika muhtasari. Daftari la kamati liko chini ya hili, limefunguliwa, lina tarehe tu.

Turubai limejaa. Watu mia mbili, labda zaidi, wengine wamekaa juu ya ukuta. Sijawahi kuona watu wengi hivi tukiwaita kwa chanjo. Meza ya wakubwa ina kitambaa na chupa za maji. Sista hajakaa mezani, kakaa kwenye kiti cha mgonjwa karibu na mlango wa chumba cha sindano.

Mdogo wangu amesimama mbali, mikono kifuani. Hajanitazama. Lakini amekuja.

Bwana Shirikishi anaongea. Anasema msiba huu ni wetu sote. Anasema tusitafute mchawi. Anasema somo la leo ni kuwahi, kina mama tujifunze kuwahi, dalili ya kwanza tu, twende. Jamii ndiyo mmiliki wa afya yake. Wengine wanatikisa kichwa kukubali. Mwanamke nyuma yangu anamwambia mwenzake: kumbe alichelewa, maskini. Nimesikia. Imeniingia kama sindano chini ya kucha.

Sasa anasema tutachagua mwakilishi mpya, na kabla ya hapo kama kuna swali moja au mawili.

Wifi yumo! Sikumwona akiingia. Yuko safu ya tatu, kajifunika kanga, Bi Mikono kamshika kiwiko. Amenyanyua mkono.

Bwana Shirikishi hamjui. Hajawahi kumwona! Amemnyooshea kidole: haya mama, karibu, uliza.

Wifi amesimama. Neno la kwanza halisikiki. Watu wanageuka. Anaanza tena. Anasema: mimi ndiye niliyechelewa.

Waliosimama nyuma wanasogea mbele. Hata watoto.

Anasema: nilifika hapa saa tatu. Nilikaa pale. Anaonyesha benchi. Waliokuwa wamekalia lile benchi wananyanyuka mmoja mmoja, kama limepata moto. Anasema: niambieni, ningefika saa ngapi ndipo ningewahi?

Bwana Shirikishi amesema mama tunakupa pole sana, jambo hili liko kwenye utaratibu. Ameinama kwangu, kipaza sauti amekifunika kwa mkono, lakini hakukifunika vizuri, wote wamesikia: Katibu, hilo usiliandike.

Naliandika. Alifika saa tatu.

Mwuza mkaa wa ng'ambo ya barabara amesimama, anasema mimi nilimwona, saa tatu, nilikuwa nafungua. Naandika. Mke wa mwenye duka anasema mimi nilishika kanga. Naandika. Mwenye pikipiki mmoja, kijana mwenye kofia, anasema kwa shida: mimi nilikataa kumbeba. Naandika. Mwenyekiti anagonga meza. Kuna mtu anauliza kwa nguvu, kutoka ukutani: Sista alikuwa wapi? Wengine wanadakia. Sista alikuwa wapi? Sista! Nilijua tu. Gari limeegeshwa pale, lakini jina wanaloliita ni la huyu.

Inabidi nisimame niseme ni nani aliyemwita. Nasukuma kiti nyuma —

Sista amesimama. Hakuna aliyempa nafasi. Amejifuta mikono kwenye koti mara mbili. Bwana Shirikishi anamwonyesha kwa kiganja akae.

Hakai.